Kijana Wetu Aendapo Mkutanoni Ugenini



Wazee wa Buhongwa, hapo penye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Shinyanga, siku hizi wana jambo jipya la kushauriana baada ya sala ya Isha. Kijana asomaye chuoni huja na barua aliyoipokea katika simu yake: amealikwa Istanbul, au Doha, au London, kuhudhuria mkutano wa wanafunzi wa mataifa mbalimbali, siku nne au tano, ili wajuane na washirikiane. Mama hufurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Baba huuliza nauli itatoka wapi. Nasi twaulizwa: je, safari hiyo ina kheri?

Twajibu kwamba asili yake ni njema. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa watu wamefanywa mataifa na makabila ili wapate kujuana, na kwamba mbora wao mbele yake ni yule amchaye zaidi. Lakini kujuana si kupiga picha na wageni, wala si kurudi na mfuko uliojaa majina. Ajuaye kujuana huwa na la kutoa na la kupokea.

Mchana wa mikutano hiyo ni wa hotuba, na kijana wetu hukaa akasikiliza kama darasani. Mtihani huja jioni, watu wasimamapo ukumbini na vikombe mikononi, wakihama kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Huulizwa, "Watoka wapi?" Akijibu kuwa atoka Mwanza, huulizwa habari za ziwa. Hapo wengi hunyamaza. Kijana aliyezaliwa karibu na maji hajui kwamba ziwa hilo lina eneo la kilometa za mraba 68,000 na zaidi, wala kwamba takriban nusu yake imo Tanzania. Hajui kwamba sangara hakuwa samaki wa asili humo, bali aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na furu wa aina nyingi wakatoweka.

Naye anyamazapo, wengine humsemea. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, "Darwin's Nightmare", juu ya biashara ya sangara hapa Mwanza na ufukara ulioizunguka. Ilitazamwa katika nchi nyingi, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Wako ugenini wasioijua Mwanza ila kwa filamu ile. Kijana ajuaye habari za kwao ataweza kusema: hili ni kweli, na hili silo, na haya nayo hamkuonyeshwa.

Na tuukumbuke mfano wa Kirilo Japhet. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Watu wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Katika Baraza Kuu shauri lile halikupata kura za kutosha, wala ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Lakini aliporejea alizunguka sehemu nyingi za Tanganyika akiwaeleza watu aliyoyaona na aliyoyasikia, na wengi wakazinduka kabla TANU haijazaliwa mwaka 1954. Yeye na waliomtuma hawakuwa wa dini yetu, lakini hekima huchukuliwa popote ionekanapo. Alikwenda na haja ya watu, akarudi na taarifa kwa watu.

Basi wazazi, kabla hamjauza ng'ombe wala kukopa, ulizeni. Ni nani amwalikaye, na chuo chake chamjua? Nani alipaye nauli na malazi? Mtoto atafanya kazi gani huko? Barua imsifuyo mtu isiyemjua, kisha ikamhimiza kutuma ada upesi kabla ya kesho, ina kila dalili ya kuwa mtego. Na hata mkutano wa kweli haufai kuondoa karo ya wadogo zake. Akiwa ni binti, waulizeni pia wanavyuoni wa mahali penu juu ya safari hiyo na nani wa kufuatana naye.

Nanyi vijana, msiione haya dini yenu. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza sala, hakupewa ruhusa ya kuiacha. Chakula ukikitilia shaka, uliza. Pombe ikipitishwa, omba maji na uendelee na mazungumzo yako. Mwenye adabu hatakudharau kwa hilo, na akudharauye kwa hilo hakufai urafiki wake.

Kisha mrudipo, jambo moja twalisisitiza. Wazee na wakusanye jamaa msikitini au madrasani, na kijana asimame aseme: nilikwenda kwa ajili ya hili, nilijifunza hili, nimejuana na fulani afanyaye kazi hii, na twaweza kufaidika naye hivi. Wadogo wamwulize maswali. Kijana ajuaye kwamba jioni hiyo yamngojea Buhongwa hatazipoteza siku zake ugenini, wala hatakwenda bila kujifunza kwanza habari za kwao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu safarini, awape elimu yenye manufaa, na awarejeshe kwetu salama. Amin.