Kanisa la Pembe Nane

Wasomaji wetu wengi wajua ya kuwa Wamethodisti kutoka Uingereza walifungua misheni yao Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Wako wadhanio kwamba makanisa ya huko walikotoka yalijengwa na matajiri kwa fedha tele. Habari za Heptonstall zaonyesha vingine.

Heptonstall ni mji mdogo ulio juu ya kilima katika jimbo la Yorkshire. Zamani wenyeji wake wengi walikuwa wakulima wadogo, na wafumaji waliofuma nguo za sufu majumbani mwao. Hao ndio waliojijengea kanisa mwaka 1764, na Padre John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akahubiri humo mwaka huo huo, nyumba ikiwa bado haijakamilika.

Kanisa lilikuwa na kuta nane. Wesley aliona nyumba ya ibada ya namna hiyo Norwich mwaka 1757, akapendezwa nayo sana. Maana ndani yake hakuna akaaye mbali mno na mhubiri. Lakini kuezeka kuta nane si kazi ya kila seremala. Yasimuliwa kwamba hapakuwa na fundi wa kuiweza pale mjini. Kwa hiyo paa liliagizwa Rotherham, likaletwa vipande vipande juu ya migongo ya farasi kupitia milimani, na waumini wakatoka kulilaki kwa nyimbo.

Baadaye watu wakazidi, nafasi ikawa haitoshi. Je, walibomoa yote na kuanza upya? La. Mwaka 1802 walivunja upande mmoja tu, wakarefusha kuta mbili za ubavuni, kisha wakajenga mwisho mpya mfano wa ule wa kwanza. Pembe zikabaki nane, na ibada ikaendelea humo kwa karne mbili na zaidi.

Kwetu, mara nyingi kanisa au shule ikijaa, neno la kwanza katika kamati ni kubomoa na kujenga jumba kubwa. Fedha huisha kwenye msingi, majani yakaota, na watoto wakakaa chini ya mti. Wafumaji wale hawakuona haya kumwita fundi wa mbali kwa kazi wasiyoijua, wala hawakudharau kile walichokuwa nacho. Kamati itakayokutana mwezi huu na ianze kwa kupima kuta zilizopo.