Mfanyakazi Akikuanika Mtandaoni, Fungua Rekodi za Mshahara Kwanza

Unashika simu asubuhi, unakuta biashara yako imepewa nyota moja. "Mshahara unachelewa kila mwezi na makato hayaeleweki. Usiende kufanya kazi huko." Hakuna jina. Damu inachemka, na swali la kwanza linalokuja ni: "Nani ameandika hii?"

Kwa maoni yetu, hilo si swali la kuanza nalo. Jiulize kwanza: je, ni kweli?

Ukiwaita wafanyakazi mmoja mmoja na kuwahoji, pengine utalipata jina. Lakini kama mshahara unachelewa, utaendelea kuchelewa, na mwezi ujao kutakuwa na nyota moja nyingine.

Rekodi hazina hasira

Ukilipa kwa simu au benki, kila malipo yana tarehe na saa. Pitia miezi sita iliyopita. Kama uliahidi tarehe 30 na pesa zikawa zinaingia tarehe 7, hujachafuliwa jina. Umeambiwa yale ambayo rekodi zako mwenyewe zinasema. Mwenye nyumba na duka la mtaa hawamsubiri mfanyakazi wako hadi tarehe 7.

Kisha angalia makato. Malalamiko mengi ya "boss anakula pesa yetu" huanzia hapa. Chukua mshahara wa shilingi 30,000: NSSF ni 1,800, bima ya afya ya SHA ni 825, na ushuru wa nyumba ni 450. Hizo ni 3,075 hata kabla ya kodi ya mapato. Mfanyakazi anayeona tu pesa kidogo zimeingia kwa simu atajuaje zilienda wapi? Sheria ya Ajira ya 2007, Kifungu cha 20, inataka apewe hati inayoonyesha mshahara na kila kato. Mpe kila mwezi bila kungoja aombe.

Jibu kwa ufupi

Kama ni kweli, sema hivyo: "Ni kweli mishahara imechelewa. Kuanzia mwezi huu tunalipa kabla ya tarehe 30, na kila mfanyakazi atapata hati ya makato yake." Lakini usiandike kama hujapanga pesa hizo. Ahadi ya pili ikivunjwa, hakuna atakayesoma ya tatu.

Kama si kweli, eleza utaratibu wako wa malipo kwa upole na umkaribishe mlalamishi mzungumze. Usibishane. Usianike mshahara wake au deni lake ili umwaibishe. Hizo ni taarifa za mtu binafsi, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wala usiwaagize wafanyakazi waandike sifa za uongo. Watu hujua.

Usikimbilie kufuta mtu kazi

Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba mfanyakazi kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kumfuta, isipokuwa ionekane lalamiko hilo ni la kiholela na halina msingi. Hata ukiamini kuna utovu wa nidhamu, Kifungu cha 41 kinataka umweleze kosa lake na umsikize kabla ya kuamua, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama. Hasira ya siku moja inaweza kukufikisha kortini.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Wengine huenda mtandaoni baada ya kuongea na meneja bila jibu. Kwa hivyo weka mtu mmoja wa kupokea maswali ya mshahara, na siku maalum ya kuyajibu. Mwezi huu, kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, hakikisha hati za mshahara ziko tayari kwenda pamoja na pesa.