Mtoto wa benchi naye anahitaji mzazi

Chukua nyumba moja ya Malinyi, mwezi Juni. Mpunga umekomaa na kila mkono unahitajika shambani. Kijana wa kidato cha tatu anarudi kutoka shuleni akiwa na habari: amechaguliwa katika timu ya wilaya inayokwenda Morogoro kwenye mashindano ya UMISSETA ngazi ya mkoa. Mama anapiga kigelegele. Baba anauliza kwanza.

"Unacheza namba ngapi?"

"Kipa, baba."

"Kipa wa kwanza?"

Kijana anatazama chini. "Wa pili."

Baba anaweka kikombe cha chai mezani. "Yaani utoke hapa, uvuke mto, upite Ifakara, upite Mikumi, ufike Morogoro ukakae benchi? Na mpunga huu atavuna nani?"

Mazungumzo ya namna hii yapo katika nyumba nyingi, na hoja ya baba si ya kubeza. Shamba ndiyo mahitaji ya shule, ndiyo sare, ndiyo chakula cha mwaka mzima. Lakini swali lake limebeba jambo ambalo wazazi wengi huliamini bila kulipima: kwamba mtoto asiyeanza mechi anapoteza muda.

Yapo maisha ya Mtanzania mmoja yanayoweza kumsaidia baba huyu. Ni ya Juma Kaseja.

Wazazi wenye umri wa kutosha wanaukumbuka mwaka 2003. Simba ilikutana na Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Klabu Bingwa Afrika. Simba ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Cairo, na mechi ikaenda kwenye mikwaju ya penalti. Golini alisimama Kaseja, kijana mdogo. Simba ilishinda, ikaingia hatua ya makundi, na jina la kipa huyo likajulikana nchi nzima.

Ukiishia hapo, ni hadithi ya nyota. Somo kwa mzazi limo katika miaka iliyofuata. Kaseja alitoka Simba akaenda Yanga mwaka 2008. Akarudi Simba mwaka uliofuata. Mwaka 2013 Simba haikuendelea naye, akakaa miezi kadhaa bila timu, kisha akasajiliwa tena Yanga. Desemba mwaka huo Yanga ilifungwa na Simba 3-1 katika mechi ya Nani Mtani Jembe, na lawama nyingi zikamwangukia yeye. Namba yake ikachukuliwa na mwingine. Baadaye akaenda Mbeya City, kisha Kagera Sugar, kisha KMC ya Kinondoni.

Fikiria safari hiyo kama mzazi au mke wa mchezaji. Dar es Salaam, Mbeya, Kagera, Dar es Salaam tena. Mkataba wa mwaka mmoja au miwili, halafu unaanza upya kutafuta. Vijiweni watu walishasema amekwisha. Timu ya taifa ilikaa miaka kadhaa bila kumwita. Yeye aliendelea kuamka na kwenda mazoezini.

Katika msimu wa 2018/2019 kocha wa KMC alikuwa Etienne Ndayiragije, raia wa Burundi. Katikati ya mwaka 2019 kocha huyo akakabidhiwa Taifa Stars kwa muda. Alikuwa amemwona Kaseja akifanya kazi kila siku katika klabu isiyo na kelele, naye akamwita. Kipa huyo alikuwa na miaka 34.

Tarehe 4 Agosti 2019, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Tanzania na Kenya zilikuwa zinagombea kusonga mbele kufuzu CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Mechi ya kwanza Dar es Salaam ilikuwa 0-0. Ya Nairobi nayo 0-0. Zikaja penalti. Kaseja akadaka, na Tanzania ikashinda 4-1. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Burundi katika kufuzu Kombe la Dunia. Sare ya 1-1 Bujumbura, sare ya 1-1 Dar es Salaam, penalti tena. Burundi haikupata hata moja. Tanzania ilishinda 3-0.

Kati ya penalti za Cairo na za Kasarani kuna miaka 16. Watu wanakumbuka siku hizo mbili. Ila siku hizo zisingekuwepo bila zile nyingine ambazo hakuna aliyepiga picha: mazoezi ya asubuhi, msimu wa kukaa nje, basi la usiku kwenda mkoa mwingine kuanza upya na watu wapya. Alipoacha kucheza, hakuwa mikono mitupu. Alijua kazi yake kiasi cha kufundisha makipa wengine, na akafanya kazi hiyo hata katika benchi la Taifa Stars.

Ulaya nako upo mfano. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Brazil, Julai 2014, Uholanzi na Costa Rica zilicheza dakika 120 bila bao. Zikiwa zimebaki sekunde chache, kocha Louis van Gaal alimtoa kipa wake wa kwanza, Jasper Cillessen, akamwingiza Tim Krul, ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja katika mashindano hayo. Krul alidaka mikwaju miwili na Uholanzi ikashinda 4-3. Nusu fainali dhidi ya Argentina nayo ilifika penalti, lakini safari hii kocha alikuwa amemaliza nafasi zake za kubadilisha wachezaji. Krul alibaki benchi, akatazama timu yake ikitolewa.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Unajiandaa kana kwamba utaitwa leo, huku ukijua huenda usiitwe kabisa. Watu wazima wanazifahamu kazi za namna hii. Muuguzi wa zamu ya usiku katika kituo cha afya hasemwi kuwa amepoteza usiku kwa sababu hakuna mama aliyejifungua. Na mkulima wa bonde la Kilombero anajua zaidi. Hamwagi mbegu yote shambani kwa mara moja. Anabakiza kiasi cha kurudishia, kwa sababu mwaka mwingine mafuriko huja yakabeba kilichokwisha ota. Ile mbegu iliyobaki ndani ya gunia haikudharauliwa. Iliwekwa akiba.

Basi mzazi afanye nini na mtoto wa benchi?

Kwanza, abadilishe swali. Mtoto akirudi kutoka mechini, swali la kwanza katika nyumba nyingi ni "Umecheza?" Mtoto ambaye hakucheza huanza kulikwepa swali hilo, na baadaye huanza kumkwepa mzazi mwenyewe. Jaribu "Leo umejifunza nini?" au "Kipa mwenzako alikosea wapi, na wewe ungefanyaje?" Maswali hayo yanamfanya mtoto atazame mechi akiwa kazini, hata kama amekaa.

Pili, amfundishe kumheshimu aliyechukua namba. Mtoto anayemwombea mwenzake aumie ili yeye apate nafasi anajifunza tabia mbaya itakayomfuata ofisini, dukani na hata kwenye ndoa. Kipa wa pili mzuri humpasha moto mwenzake kabla ya mechi, na humwambia ukweli mapumziko yakifika.

Tatu, asimdanganye. Wengi wanaoanza mpira hawafiki Ligi Kuu, na wanaofika hawadumu wote. Hata aliyedumu kama Kaseja alipita miezi bila timu. Kwa hiyo shule inaendelea, na ufundi wa pili unatafutwa mapema. Mtoto aambiwe hivyo kwa upole, siku ya kawaida. Asiambiwe usiku ambao amefungwa mabao matatu.

Nne, amtazame mtoto mwenyewe. Wapo wanaokaa benchi huku roho zao zimeshaondoka, wanabaki kwa sababu baba anataka. Mtoto wa namna hiyo aruhusiwe kuacha bila kuitwa mvivu. Lakini anayeamka alfajiri bila kuamshwa, akafua glovu zake mwenyewe na kumsumbua mdogo wake ampigie mipira uani, huyo ameshajibu. Hana haja ya kuambiwa kwamba benchi ni aibu.

Turudi Malinyi. Chai imepoa. Mama amenyamaza muda mrefu, kisha anasema, "Baba, si na wewe ulibakiza debe mbili za mbegu mwaka ule wa maji mengi? Mbona hukusema umezipoteza?"

Baba hajibu hapo hapo. Anatoka nje, anatazama upande wa shamba, anahesabu siku. Akirudi anamwita kijana.

"Mnaondoka lini?"

"Jumatatu, baba."

"Leo Jumatano. Kesho mpaka Jumapili tunavuna kipande cha chini, mimi na wewe, tangu alfajiri. Kilichobaki nitatafuta watu. Ukirudi, utanisaidia kupura na kupeta. Tumeelewana?"

"Ndiyo, baba."

"Na huko unakokwenda, usikae benchi kama mgeni. Kaa kama mtu anayesubiri kuitwa."

Kijana anaweza kwenda Morogoro akarudi bila kuingia uwanjani hata dakika moja. Hilo liwezekane, na nyumba iwe tayari kwa hilo. Siku atakaposhuka kwenye gari akiwa na vumbi na begi lake, baba yake asianze na swali la zamani. Ampokee begi, amwachie maji ya kuoga, kisha amuulize aliyoyaona.