Queen bila Freddie: tusimdai mwimbaji mpya sauti ya marehemu

Novemba 2008 Queen walipiga hapa Dubai, mwimbaji wao akiwa Paul Rodgers, aliyetamba zamani na Free na Bad Company. Miezi miwili kabla walikuwa wametoa The Cosmos Rocks, albamu yao ya kwanza ya studio tangu 1995. Wengi waliguna: Queen bila Freddie Mercury ni Queen gani?

Nawaelewa, hasa sisi wa Pwani, kwani Freddie alizaliwa Unguja mwaka 1946. Lakini Rodgers hakumkosea marehemu. Hakumuiga, aliimba kwa sauti yake mwenyewe, na kwenye jalada jina lake likakaa kando ya jina la bendi. Huo ni uungwana. Udhaifu, kwa maoni yangu, ulikuwa kwenye nyimbo zenyewe: hazikuwa na makali. Mwaka 2009 wakaachana.

Nyumbani hili si geni. TX Moshi William alipofariki 2006, Msondo Ngoma hawakuvunja bendi. Sauti hairithiwi, kazi hurithiwa. Basi mwimbaji mpya tumdai nyimbo nzuri, tusimdai kumfufua aliyekwenda.