KODI NA WATEGEMEZI WA MFANYAKAZI

Mfanyakazi wa Rwamishenye apokeaye mshahara hali mshahara ule peke yake. Yuko mama mzazi kijijini, wako watoto wake, na mara nyingi wako watoto wa marehemu ndugu yake. Kagera ndiko walikoripotiwa wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini, mwaka 1983. Yatima wengi wa msiba ule walilelewa na wajomba, shangazi na mabibi, pasipo mtu wa kuwashukuru.

Kodi ya mapato haiwajui watu hao. Kwa viwango vilivyoanza Tanzania Bara Julai 2021, mwenye kipato cha kutozwa kodi cha Sh. 700,000 kwa mwezi hukatwa Sh. 56,000, awe mseja asiye na mtu au awe analea saba. Zinazosamehewa ni Sh. 270,000 za kwanza tu, sawasawa kwa wote.

Mkoloni yeye aliwahesabu wategemezi, lakini kwa kuongeza kodi: mwenye wake wengi alitozwa kwa kila mke wa ziada. Hatutaki hesabu ya namna ile.

Wapo wasemao kwamba ukitolewa msamaha, watu wataandikisha watoto wa bandia. Hofu hiyo haina nguvu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya humwandikisha mtumishi pamoja na mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne, wazazi na wakwe wakiwamo, tena kwa vyeti. Ikiwa Serikali yamtambua mama mkwe mlangoni pa hospitali, itashindwaje kumtambua kwenye hati ya mshahara?

Ila tunatahadharisha jambo moja. Msamaha ukatwe katika kodi yenyewe, kwa kiasi kimoja kwa kila mtegemezi, wala si katika kipato. Sh. 50,000 zikiondolewa katika kipato, mkubwa atozwaye asilimia 30 huokoa Sh. 15,000, na karani wa asilimia 8 huokoa Sh. 4,000 tu. Yaani mtoto wa mkubwa angethaminiwa karibu mara nne ya mtoto wa karani!

Mkulima wa ndizi na mvuvi hawamo katika hesabu hii ya mishahara. Haki yao yataka makala yake.

Vyama vya wafanyakazi hudai kila Mei Mosi nyongeza ya mshahara na nafuu ya kodi. Dai la wategemezi na liandikwe humo, likiwa na kiasi kinachotajwa kwa shilingi, kabla bajeti haijasomwa Dodoma mwezi Juni.