Nyumba za karatasi juu ya meza

Juma hili tujenge kijiji pamoja na watoto. Tunahitaji jalada la kaye iliyokwisha, rula, makasi na gundi. Gundi tusinunue: tukoroge kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha tupike kwa moto mdogo, tukikoroga, mpaka uvutike.

Kwa kuta, tukate ukanda wa sentimita 29 kwa 8. Kwa urefu wake tupime 8, 6, 8, 6. Ile 1 inayobaki ni ya kugundisha. Pande za 8 tuzipunguze zibaki na kimo cha 5. Pande za 6 tuziache na pembetatu juu, ndiyo itakayobeba paa. Kabla ya kukunja, tupitishe biki isiyo na wino juu ya mistari, la sivyo karatasi ngumu inapasuka na pembe zinapinda. Mlango tuukate pande mbili tu, ufunguke na kufungwa.

Paa ni sentimita 10 kwa 10 na nusu, likunjwe katikati. Watoto wanapenda hapa kuliko kote: kipande cha kartoni ya sabuni tukiloweshe kidogo, tubandue karatasi ya juu, na mabati hayo yanatokea, na mikunjo yake! Mikunjo ishuke kama maji ya mvua yanavyoshuka. (Usiku tufiche kijiji ndani ya ndoo yenye kifuniko. Panya wanaipenda gundi hii.)

Darasani kwetu tulijenga nyumba kumi na mbili, kanisa, masomo na zizi la ng'ombe. Hatukumaliza kufagia, vijana wameshaleta mawe madogo: askari. Mtoto mmoja aliyekimbia vita mara mbili akaanza kuondoa mapaa. "Mabati ndiyo wanabeba kwanza," akasema.

Wamama wengine walituomba tutupe yote motoni. Tuliwaelewa, na siku ile tulikuwa karibu kufanya hivyo. Lakini watoto wanacheza walichokiona, hata tukiwanyang'anya karatasi watatumia udongo. Hata watu wazima wanacheza hivyo: mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kizima, Little Wars, juu ya vita vya askari wa sanamu sakafuni, akisema anayeucheza ataona vita vya kweli ni upumbavu mkubwa. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza Ulaya. Kwa hiyo hatusemi mchezo unaponya.

Tuliweka sharti moja: anayebomoa nyumba aijenge tena kabla ya kengele. Yule mtoto alijenga mbili. Ya pili aliitia mlango wa nyuma, tusioufundisha. Tulipomuuliza, hakujibu, aliomba makasi tena.

Jumamosi tukutane na kartoni za sabuni. Unga tutaleta sisi.