Kazi ya Vidole Nayo ni Kazi



Katika mkutano wa tawi letu hapa Malaba mwezi uliopita, nilisimama nikaanza kusema habari za wanawake wanaofunga nzi wa kuvulia samaki. Kabla sijamaliza, ndugu mmoja wa kamati alicheka akasema, "Sisi ni watu wa reli. Mambo ya nzi wapelekee watoto." Wengi wakacheka pamoja naye, na mwenyekiti akaenda kwenye jambo lingine. Ndugu huyo si mtu mbaya. Alicheka kwa sababu hajui. Lakini asiyejua akiachwa bila kuelezwa atacheka tena, na safari nyingine atamchekea mtu ambaye ana njaa. Kwa hivyo naomba nafasi katika karatasi yetu hii nieleze.

Nzi ninaosema si nzi wa jikoni. Ni ndoana iliyovikwa manyoya, ngozi na nyuzi, mpaka samaki aione kama mdudu au samaki mdogo, aimeze. Samaki mwenyewe ni trauti, wa maji baridi ya milimani. Sisi Marachi hatuna huyo. Katika Sio na Nzoia tunajua mumi na ningu, na nyungunyungu anatutosha. Trauti aliletwa na Wazungu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alitia trauti wa Loch Leven, Scotland, katika mto Gura wa milima ya Aberdare. Baadaye walienezwa katika mito ya Mlima Kenya na hata Mlima Elgon, ambao tunauona kutoka hapa siku isiyo na mawingu.

Basi kwa ajili ya samaki huyo wa mabwana, watu wetu walijifunza kufunga nzi. Leo nzi waliofungwa Kenya wanauzwa Uingereza, nchi nyingine za Ulaya, na Marekani. Kampuni ya Uingereza iitwayo Fulling Mill ina kiwanda chake cha kufunga nzi hapa Kenya. Huu si mchezo. Ni biashara ya kuvuka bahari, na mzigo wake wa mwanzo unatoka katika vidole vya watu wetu, wengi wao akina mama na wasichana.

Mimi nimeijua kazi hii kwa sababu ya shemeji yangu, mke wa ndugu yangu, anayekaa karibu na Bumala. Aliijifunza Nairobi. Mwaka 2020, wakati wa korona, alirudi nyumbani akiwa na jiliwa yake, ile ambayo sisi wa karakana tunaiita vaisi, ila yake ni ndogo ya kufungwa ukingoni mwa meza. Sasa anafungia nyumbani. Wakala mmoja humletea ndoana, nyuzi na ngozi, naye humrudishia nzi kwa dazeni. Jina la wakala silitaji hapa. Yeye mwenyewe akisoma atajijua.

Mwaka jana wakala alileta kazi mpya: nzi wa ukanda wa ngozi ya sungura. Wenyewe wanamwita Zonker. Alibuniwa na Mmarekani mmoja, Dan Byford, katika miaka ya 1970. Huyu haigizi mdudu. Anaigiza samaki mdogo, kwa maana trauti akishakuwa mkubwa hula wenzake wadogo. Manyoya ya sungura ni laini, nayo yakiwa ndani ya maji hucheza kama kitu chenye uhai hata mvuvi asipovuta kamba. Ndiyo sababu mvuvi anampenda, na ndiyo sababu dukani kwao nzi mmoja huuzwa dola 2 au 3.

Sasa nisikilizeni jinsi anavyofungwa, enyi mafundi, mniambie kama ni kazi ya watoto.

Kwanza ngozi hukatwa kanda nyembamba, upana milimita 3 hivi, kufuata njia ya manyoya yanavyolala. Hukatwa kwa kiwembe kutoka upande wa ngozi, ikiwa imeinuliwa juu, kwa sababu ukikata upande wa manyoya unayakata nayo na ukanda umeharibika. Kisha ndoana ndefu hubanwa katika jiliwa. Karatasi ya bati laini yenye gundi hukunjwa juu ya shina la ndoana na kukatwa kwa makasi mpaka ipate umbo la tumbo la samaki. Juu yake huvikwa mrija uliosukwa kwa nyuzi za kung'aa kama magamba, na mwisho wake hufungwa kwa uzi mwekundu. Ndipo ukanda wa sungura hulazwa mgongoni. Hapo mfungaji hulowesha kidole, akagawa manyoya, ili uzi upite juu ya ngozi tupu usilaze hata unywele mmoja. Hufunga nyuma, huvuta ukanda ukaze, hufunga mbele. Kisha unyoya wa jogoo huzungushwa shingoni, kichwa hufungwa kwa uzi, hupakwa vanishi, na jicho huchorwa.

Ukanda ukikaa upande, nzi ataogelea kama ulevi umemshika. Mkia ukizidi urefu, utajisokota katika ndoana wakati wa kurusha. Vanishi ikiziba tundu la ndoana, kamba haipiti. Sisi tunajua kazi ya namna hii. Breki ya behewa haina nusu nzuri na nusu mbaya; ama inashika ama haishiki. Shemeji hufanya kazi ya kipimo hicho hicho usiku kwa taa ya sola, baada ya shamba na watoto.

Jumapili moja nilikaa karibu naye na saa yangu ya kazini. Nzi mdogo wa zamani alimfunga kwa dakika 4. Zonker alimfunga kwa dakika 11, na wakati wa kukata ngozi sikuuhesabu. Fanyeni hesabu pamoja nami. Dazeni ya wadogo ni dakika 48. Dazeni ya Zonker ni dakika 132, yaani saa 2 na dakika 12. Na wakala analipa kiasi gani kwa dazeni ya Zonker? Bei ile ile ya wadogo! Anasema, "Dazeni ni dazeni." Kwa hivyo saa ambayo zamani ilimpa mama huyu shilingi moja, sasa inampa kama senti 36. Hakuna aliyesema mshahara umepunguzwa. Kilichobadilishwa ni nzi tu.

Hilo ndilo jambo la kwanza. La pili ni baya zaidi.

Mwezi wa kwanza wa kazi hiyo alipeleka dazeni 10. Akalipwa 8. Wakala alisema dazeni 2 ni mbovu, mikia mirefu. Shemeji akasema, "Basi nirudishie nizione, nirekebishe mikia." Mkia mrefu hupunguzwa kwa mkasi mara moja. Wakala akajibu kwamba zimekwisha kwenda na mzigo. Zimekwenda wapi? Kama ni mbovu, kwa nini zilipandishwa katika mzigo? Kama zilifaa kupandishwa, kwa nini hazikulipwa? Nzi 24 kwa dakika 11 ni dakika 264. Mtu huyu alichukua saa 4 na dakika 24 za maisha ya mama wa watoto wanne bila kutoa hata senti. Kisha akamkata pesa za ndoana tatu zilizopotea, ambazo yeye peke yake ndiye aliyezihesabu.

Sisi kwetu, mkaguzi akilikataa behewa hulibandika karatasi, na sababu huandikwa. Fundi huisoma, na kama hakubali hubishana naye mbele ya behewa lenyewe. Je, mkaguzi akisema, "Kazi yako ni mbovu, hulipwi, na behewa limekwisha kwenda Kampala na mzigo," tungenyamaza? Tungeweka spana chini siku ile ile.

Najua majibu yatakayokuja.

Wengine watasema, "Ashukuru ana kitu cha kufanya. Wasichana wangapi wanakaa mpakani bila kazi?" Ndugu, maneno hayo ni ya zamani, nasi tuliambiwa hayo hayo. Njaa ya jirani haiwi sababu ya kumnyang'anya mwenye kazi. Misheni nilifundishwa kwamba kuzuia ujira wa mtu aliyekwisha kuvuna shamba lako ni dhambi inayolia mpaka mbinguni. Padri hakusema kwamba dhambi inapungua kama vibarua ni wengi.

Wakala naye atasema, "Mkidai zaidi, kazi itakwenda Sri Lanka au Thailand." Ni kweli nzi hufungwa huko pia. Lakini mtu hapeleki kazi mahali kwa huruma. Ameileta hapa kwa sababu vidole vya hapa ni hodari na wafungaji wamekwisha kujifunza. Tena sisi hatudai mlima. Anayedai kulipwa nzi zilizouzwa hawezi kuivunja biashara. Biashara ambayo haiwezi kusimama bila kuchukua dazeni mbili za bure katika kila kumi si biashara, ni wizi wenye risiti.

Wa tatu ni yule ndugu yetu aliyecheka. Yeye anasema hawa si wafanyakazi, ni watu wa vipande, hawana kiwanda wala mwajiri. Huyo namkumbusha neno kibarua. Maana yake ni barua ndogo, ile kadi waliyopewa babu zetu ili siku zao za kazi zitiwe alama. Na Mombasa, watu wa bandari waliokuwa wakiajiriwa kwa siku waliambiwa vile vile, kwamba leo upo, kesho hujulikani. Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 15,000 waligoma Mombasa. Watu wa reli walikuwamo, na wa bandari, na wa hoteli, na hata watumishi wa nyumbani. Katika mgomo ule kilizaliwa African Workers' Federation cha Chege Kibachia, ambaye Serikali ya wakoloni ilimkamata Agosti mwaka ule ule ikampeleka Kabarnet. Basi mtu wa reli alisimama na mpishi. Hakumwuliza, "Wewe una karakana?" Sisi tunaokula matunda ya siku ile, leo tunacheka wafunga nzi?

Na sheria haicheki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaitaja kazi ya vipande kwa jina lake. Inasema mfanyakazi wa vipande alipwe kwa kadiri ya kazi aliyofanya, mwisho wa kila mwezi au kazi inapokwisha, lolote litakalotangulia. Haisemi asubiri mpaka mzungu wa ng'ambo alipe. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na haki ya kuingia katika chama. Na mwaka 1996 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 177 kwa ajili ya watu wanaofanyia kazi ya mwajiri nyumbani kwao. Dunia imewaona. Tawi la Malaba peke yake ndilo halijawaona.

Sisemi tuwaandike katika daftari letu. Chama chetu ni cha reli, na kina kanuni zake. Nasema tuwaonyeshe njia, kwa maana sisi tunajua kuandika madai, kuweka daftari la michango, na kukaa mezani na tajiri bila kutetemeka. Naomba mambo haya yapelekwe kwa wakala kwa barua yenye sahihi za wafungaji wote, si mmoja:

1. Bei ya kila aina ya nzi ipangwe kwa dakika zake na kuandikwa kabla kazi haijaanza. Ukataji wa ngozi uhesabiwe.

2. Nzi anayekataliwa arudishwe mkononi mwa aliyemfunga, na sababu yake. Asiyerudishwa alipwe.

3. Malipo yatoke kabla ya mwezi kwisha.

4. Ndoana na vifaa vihesabiwe na pande mbili, vikiletwa na vikichukuliwa.

Na kwa tawi letu naomba jambo moja: mkutano ujao uchague watu watatu waende Bumala wakutane na wafungaji hao Jumapili baada ya kanisa. Mimi nimekwisha kujitoa kuwa mmoja. Nimezungumza na wafungaji sita wanaochukua kazi kwa wakala huyo huyo. Wote sita wamekataliwa dazeni, na hakuna hata mmoja aliyerudishiwa nzi. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye vidole vibovu, akaona haya kusema. Huo ndio ujanja wenyewe: kumfanya kila mtu aone haya nyumbani kwake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanamke mmoja akidai, wakala atampa jirani yake kazi. Wakidai sita pamoja, itambidi akae chini aongee. Na yule ndugu aliyecheka, namwalika aje nasi Bumala. Shemeji atampa ndoana, uzi na ukanda mmoja wa sungura. Akifunga Zonker mmoja anayeogelea sawasawa, basi na acheke tena.

Wenu katika umoja,

Mfanyakazi wa Reli, Malaba